Eda ya Tangi la Ikulu

Ipo nchi moja mbali sana na hapa. Si yetu, na yeyote atakayeiona inafanana na yake, kosa ni la macho yake. Raia wa nchi hiyo hawakuwa wakitazama mawingu wala bei ya unga ili kujua siku itakwendaje. Walitazama samaki.

Samaki wenyewe walikuwa kumi na wawili, wa rangi ya dhahabu, na walikaa katika tangi la kioo sebuleni kwa Mlezi Mkuu wa Taifa. Kila jioni Mlezi Mkuu alilihutubia taifa kwa televisheni akiwa ameketi mbele ya tangi hilo, samaki wakizunguka nyuma ya kichwa chake. Raia wakiwaona samaki wanaogelea vizuri walijua kwamba kesho hakuna atakayekamatwa, au kwamba watakamatwa wachache.

Tangi lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, taa yake ilikuwa haizimwi usiku wala mchana, kwa sababu mwaka fulani ilizimika kwa dakika kumi, na katika dakika hizo hizo wanajeshi watatu wakajaribu kupindua serikali. Wanajeshi walinyongwa, fundi umeme akanyongwa, na aliyeuza balbu akanyongwa kwa usalama zaidi. Ya pili, kila aingiaye sebuleni, awe balozi awe mfagizi, sharti achote chakula cha samaki katika bakuli la fedha, akitie majini na kusema, "Wakishiba hawa, nimeshiba mimi." Zamani watu walitia kwa ncha za vidole. Hofu ilipopanda wakaanza kutia konzi zima, maana nani alitaka kuonekana anawabania samaki wa Mlezi Mkuu?

Ndipo maji yakaanza kuwa ya kijani. Wiki ya kwanza yalikuwa na ukijani wa mbali, kama limau changa. Wiki ya tatu yalikuwa kisamvu.

Serikali haikulala. Mkurugenzi wa Idara ya Maji alipigwa risasi uwanjani siku ya Jumamosi, na Jumapili maji yakazidi ukijani. Ikaundwa tume ya watu tisa, ikafanya kazi siku arobaini, ikagundua kwamba maji ni ya kijani. Wajumbe wanne walifungwa kwa kuitoa siri hiyo na watano kwa kuchelewa kuitoa. Kisha maji yenyewe yakashtakiwa. Yalisomewa mashtaka, yakaulizwa kama yana la kusema, na yaliponyamaza hakimu akayahukumu viboko arobaini. Askari wawili wakapanda juu ya meza wakayachapa mpaka zulia likalowa chepechepe na samaki mmoja akapofuka jicho. Watunza tangi nao walipokezana. Wa kwanza alisema, "Zimeni ta—" akapigwa risasi kabla hajamaliza neno. Wanne waliomfuata hawakusema kitu. Kila mmoja alimwaga maji yote akatia mapya, maji mapya yakawa ya kijani baada ya siku nne, na siku ya tano aliyeyatia akazikwa.

Wa sita aliitwa Bi Mgeni Sheha.

Bi Mgeni na mumewe, Vuai, walikuwa na kibanda cha kuuza samaki wa mapambo nyuma ya soko kuu. Saa saba mchana lori la askari likasimama mlangoni. Aliyeshuka mbele ni Brigedia Chakupewa, mkuu wa usalama, mtu mpole, ambaye sauti yake ya kuamuru kifo na ya kuagiza chai ilikuwa moja.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

"Nasikia nyinyi ni mafundi wa samaki."

"Tunajaribu, baba."

"Basi vizuri. Wewe utakwenda na mimi kwa samaki. Mzee hapa atakwenda na vijana wangu."

Vuai aliweka chini wavu mdogo aliokuwa akivulia samaki. "Kwani mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mzee wangu. Wewe ni dhamana. Ungekuwa umekosa tungekuua hapa hapa."

Askari mmoja akampiga Vuai kitako cha bunduki mbavuni, na walipomrusha ndani ya lori kichwa chake kikagonga chuma hata mtaa mzima ukasikia. Lori lilipoanza kuondoka, Vuai aliinua kichwa chenye damu akapiga kelele, "Mgeni! Maji usiyamwage yote!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho Bi Mgeni aliyoyasikia kutoka kwake.

Mlezi Mkuu alimpokea sebuleni, akamngoja atie konzi lake na kusema maneno yake, kisha akazungumza kwa ufupi, kama wafanyavyo wakubwa wakiwa na njaa.

"Yang'arishe maji haya kabla ya Sikukuu ya Ulezi. Yaking'ara, mumeo anarudi nyumbani na wewe. Yasipong'ara, mtazikwa pamoja. Serikali yangu haitenganishi wanandoa."

Bi Mgeni alilitazama tangi mara moja tu akajua ugonjwa. Taa inawaka siku zote, dirisha kubwa linaingiza jua la asubuhi, na chakula kimejazana chini kinaoza. Mwani unataka nini zaidi? Ni mimea midogo mno, huioni mmoja mmoja, inakula uozo na kuota kwa mwanga. Ukimwaga maji yote unaipa shamba jipya. Dawa yake kila muuza samaki aliijua: maji yabadilishwe robo kwa robo, kisha tangi lifunikwe giza siku saba na lisitiwe hata chembe ya chakula. Lakini neno "taa" lilikuwa limemuua mtu chumbani humo, na neno "samaki wasile" hakuna aliyewahi hata kulijaribu.

Akafikiri kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha akasema, "Mtukufu, maji haya yamefiwa."

"Yamefiwa na nani?"

"Na samaki waliokufa humu zamani. Hayajakaa eda, ndiyo maana yamechafuka roho. Yakae ndani siku saba. Mapazia yafungwe, tangi livikwe nguo nyeusi, asiingie mgeni, asitie mtu kitu."

Mlezi Mkuu hakuijua sayansi, lakini eda aliijua, kwa kuwa bibi yake aliikaa mara tatu. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Akaitwa Bwana Mshangama, mkuu wa itifaki, ambaye alitembea na Kitabu cha Itifaki kifuani kama mama na mtoto mchanga.

"Kufunga mapazia, kuzima kila taa na kuzuia wageni," alisoma Bwana Mshangama, "kunaruhusiwa kwa jambo moja tu, Mtukufu. Msiba wa taifa."

"Tangazeni msiba."

"Msiba hauna budi kuwa na maiti, Mtukufu."

"Kwani hatuna maiti?"

"Tunao wengi, Mtukufu, ila wote ni raia wa kawaida. Raia wa kawaida hana msiba wa taifa." Akafungua ukurasa mwingine. "Waziri, siku moja. Spika, siku mbili. Makamu wa Mlezi Mkuu, siku tatu. Na misiba haiunganishwi. Kila mmoja ukiisha, lazima mapazia yafunguliwe, watu waje kutoa mkono wa pole."

"Tuanze na waziri," alisema Brigedia Chakupewa.

Bi Mgeni alishtuka. "Jamani, mimi sikusema auawe mtu!"

"Hakuna aliyesema umesema, mama," Brigedia alimtuliza. "Wewe umetaka eda. Sisi tunatafuta marehemu."

Waziri wa Maji alianguka siku hiyo hiyo kutoka ghorofa ya nne ya wizara yake. Watu walishangaa kidogo, kwa kuwa wizara ilikuwa na ghorofa mbili. Mapazia yakafungwa siku moja. Kesho yake waombolezaji mia nane walipanga foleni sebuleni, na kwa kuwa kila mmoja alijiuliza kama atafuata yeye, kila mmoja alitia makonzi mawili, moja lake na moja kwa niaba ya marehemu. Magharibi maji yalikuwa mazito kuliko juzi.

Spika alipigwa risasi iliyopotea akiwa kitini pake bungeni. Ilimpata mara saba. Siku mbili za giza, kisha siku ya pole, waombolezaji elfu moja na mia tano. Makamu alilipuliwa kwa mzinga wa gwaride, akiwa amesimama mahali ambapo Brigedia alimpangia asimame, pamezungushiwa duara la chaki ili asikosee. Kofia yake ilipatikana juu ya paa la benki. Siku ya tatu ya msiba wake, Bi Mgeni aliinua pindo la nguo nyeusi akaona, kwa mara ya kwanza, kivuli cha mkia wa samaki. Alilia kwa furaha. Siku ya nne mapazia yakafunguliwa, wakaingia watu elfu tatu na makonzi yao, na maji yakarudi kisamvu.

Ndipo alipoelewa. Kila walipoua, hofu ilileta watu, watu walileta chakula, na chakula kilileta ukijani. Alikuwa amewapa dawa, nao wakaigeuza ugonjwa. Mjini wanawake watatu walikuwa wamekaa eda ya kweli kwa neno lake, na aliona aibu.

Kila siku alimuuliza Brigedia, "Mume wangu yu hai?"

Na kila siku Brigedia alimjibu, "Yu dhamana, mama."

Zilipobaki siku nane kufika Sikukuu, Mlezi Mkuu alimkamata Bwana Mshangama ukosi wa shati akamkandamiza uso kwenye kioo cha tangi. "Nani ana siku saba katika kitabu chako? Sema!"

"Ni mmoja tu, Mtukufu," alisema Bwana Mshangama, pua imebonyea, na suruali yake ikaanza kulowa. "Naomba nisimsome jina."

Mlezi Mkuu alimwachia, akatafakari, kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyegundua kwamba kila njia inaelekea kwake.

"Basi nitakufa," alitangaza. "Mimi niliyelala njaa kwa ajili ya taifa hili, japo nilikuwa nimeshiba! Mimi niliyefungwa kwa ajili ya taifa hili, japo nilikuwa nimesafiri! Sasa nitakufa kwa ajili yake, kwa muda. Nitafariki kesho Jumatatu, saa nne asubuhi, baada ya chai. Jumatatu ya pili, siku ya Sikukuu, nitafufuka mbele ya maji meupe. Wananchi walie kwa zamu, mkoa kwa mkoa, na aliaye vibaya aandikwe jina."

Akafa saa nne barabara. Jeneza lilijazwa matofali, Brigedia akalibeba begani na machozi yakimtoka, kwa kuwa lilikuwa zito kweli. Marehemu mwenyewe akajificha sebuleni gizani, juu ya kochi, na redio ndogo na makopo mawili ya biskuti. Aliyekuwa pamoja naye ni Bi Mgeni peke yake, ameketi kwenye mkeka kando ya tangi lililovikwa nguo nyeusi.

Siku ya kwanza marehemu alifurahi sana. "Sikia Mkoa wa Kaskazini wanavyolia! Wale wa Kusini wanalilia puani, nitawakumbuka." Siku ya pili redio ikatangaza kwamba Brigedia Chakupewa ameapishwa kuwa Mlezi Mkuu wa Muda. "Wa muda," alirudia marehemu, akala biskuti. Siku ya nne mtangazaji akasahau kusema "wa Muda", na hakuna aliyemsahihisha. Mchana wa siku ya tano redio ikasema kwamba kijiji alichozaliwa marehemu kimebadilishwa jina, na wanakijiji kumi na saba waliopinga wamezikwa kwa heshima zote.

Marehemu akasimama, kopo likaviringika chini. "Imetosha! Nimefufuka!"

"Mtukufu, bado siku mbili," Bi Mgeni alimsihi. Alikuwa ametoka kuchungulia. Maji yalikuwa yameanza kufunguka, aliona hata jicho la samaki. "Siku mbili tu, nakuomba. Ukifungua pazia sasa yatarudi kijani."

"Maji gani wewe mwanamke! Nchi yangu inaibwa!"

Kelele zile zilitosha. Mlango ukafunguliwa, wakaingia Brigedia na askari sita, wakaufunga nyuma yao.

"Nani anapiga kelele katika nyumba ya msiba?" aliuliza Brigedia kwa upole.

"Chakupewa, mbwa we! Ni mimi!"

"Mlezi Mkuu alizikwa juzi. Nimembeba kwa bega langu."

"Ulibeba matofali!"

"Amemwita marehemu matofali," askari mmoja alisema kwa uchungu wa kweli.

"Sheria ya Msiba iko wazi," alisema Brigedia. "Anayejifanya marehemu, aungane naye."

Mlezi Mkuu alirudi nyuma mpaka akagusa tangi. "Muulizeni huyu mama! Amekaa na mimi siku tano! Bi Mgeni, waambie mimi ni nani!"

Brigedia akageuka. "Mama, unamjua mtu huyu?"

Bi Mgeni alijua anaulizwa nini. Akisema anamjua, msiba umevunjika. Mapazia yatafunguliwa, taa itawashwa, watakuja watu na makonzi yao, na Sikukuu itayakuta maji kisamvu. Ahadi ilikuwa moja tu, na ilisema maji yang'are. Alimfikiria Vuai na kichwa chake kilivyogonga chuma. Alifikiri pia kwamba mtu huyu anayemwita kwa jina ndiye aliyemchukua Vuai, na wazo hilo likamfanya asijionee huruma wala asimwonee yeye.

"Simjui," alisema. "Humu giza, baba. Sioni mtu."

Kitako cha kwanza kilimpata Mlezi Mkuu shingoni. Cha pili kilimvunja taya, akapiga magoti, na sauti yake ikawa mlio usio na maneno. Walimpiga mgongoni, mbavuni, vidoleni, wakimzunguka kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Alipokuwa akianguka alishika nguo nyeusi, ikaanza kuvutika, na ncha moja ya tangi ikabaki wazi. Bi Mgeni aliruka. Alishika upande wake wa nguo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaanza kumbandua Mlezi Mkuu vidole, kimoja kimoja, chenye damu na kisicho na damu, mpaka nguo ikarudi mahali pake. Akaisokomeza chini ya tangi kwa magoti. Nyuma yake askari waliendelea kupiga mpaka sauti ya mapigo ikawa ya kupiga gunia.

Walimtoa kwa mlango wa jikoni, amekunjwa ndani ya zulia.

"Endelea na eda, mama," alisema Brigedia.

Aliendelea. Kwa siku mbili alingoja majuto yaje, akajikuta anahesabu saa tu.

Siku ya Sikukuu mawaziri wote walijaa sebuleni, wazee wa chama, kamera za televisheni, na Mlezi Mkuu Chakupewa katika sare mpya. Mapazia yakafunguliwa. Bi Mgeni akavuta nguo nyeusi.

Maji yalikuwa meupe hata hayakuonekana. Samaki walionekana wamening'inia hewani. Watu wakaanza kupiga makofi, kisha makofi yakapungua, yakafa.

Nimesahau kueleza kwamba hayati Mlezi Mkuu ujanani alikuwa bondia, na kwamba waliomuudhi alipenda kuzungumza nao sebuleni humo, kwa mkono wake mwenyewe. Vilivyodondoka havikuwa na mahali pengine pa kutupwa. Sasa, bila ukijani wala chakula cha kuvifunika, vilikuwa wazi chini ya tangi, juu ya kokoto, kwa mamia: meno. Magego, meno ya mbele, mawili matatu ya dhahabu. Mawaziri waliyatazama, na shavu la kila mmoja likatuna kidogo, maana ulimi ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye pengo lake. Kwa mara ya kwanza tangu wateuliwe walianza kutazamana midomoni. Mpiga kamera aliendelea kupiga picha kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

"Maji yameng'ara," Bi Mgeni alisema. "Nipe mume wangu."

"Aliyekuahidi ni marehemu, mama," alijibu Chakupewa. "Ahadi ya marehemu huzikwa naye."

Lakini Bi Mgeni alikuwa ameshaona. Pembeni, karibu na pampu ya hewa, kulikuwa na jino moja la mbele lililomeguka ncha, la mtu aliyefungulia soda kwa meno miaka thelathini, kila sikukuu, ili mkewe apige kelele. Alikunja mkono wa nguo akauzamisha mkono mpaka begani. Samaki wakampisha. Akalitoa lile jino, akalikausha, akalifunga katika pindo la kanga yake, na fundo alilikaza kwa meno yake mwenyewe. Hakulia. Alikuwa na hasira kubwa mno, na kilio hakikupata nafasi.

Chakupewa alilitazama tangi, akawatazama mawaziri wanavyotazamana, akaitazama kamera. Akamsogelea Bi Mgeni karibu na sikio.

"Mama, unaweza kuyarudisha yawe kijani?"

"Naweza."

"Yatachukua siku ngapi?"

"Wewe ndiye unayejua, baba," Bi Mgeni alijibu kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Inategemea utaua wangapi."

Mawaziri walikuwa wameshalivamia bakuli la fedha, wanasukumana na kukanyagana, kila mmoja anatia kwa mikono miwili, ili maji yachafuke upesi bila kuhitaji maiti.